Mzee Asiachiwe Mchuzi Peke Yake

Katika nyumba nyingi, mzee akipungukiwa meno hupunguziwa na kitoweo. Asubuhi chai ya rangi na mkate, mchana ugali laini uliolowekwa kwenye mchuzi, usiku uji mwepesi. Nyama wanakula wenye meno. Mzee anashiba, hilo halina ubishi, ila alichokula karibu chote ni wanga. Mchuzi una ladha ya nyama. Protini yenyewe, kwa sehemu kubwa, imebaki kwenye minofu.

Misuli huanza kupungua taratibu tangu umri wa kati, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Isitoshe, mwili wa mzee ni mzito kuitikia: protini kidogo inayotosha kujenga misuli ya kijana, kwake haitoshi. Ndiyo maana ile hoja kwamba mzee halimi wala habebi mizigo, kwa hiyo hahitaji chakula cha kujenga mwili, ni potofu. Mwaka 2013, jopo la wataalamu wa kimataifa liitwalo PROT-AGE lilipendekeza wenye umri zaidi ya miaka 65 wale gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72.

Mizani isikudanganye, kwa sababu mafuta yanaweza kuchukua nafasi ya misuli na kilo zisipungue. Mtazame anavyoinuka kitini. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, au akishindwa kufungua kifuniko cha chupa aliyokuwa akiifungua, nguvu zinamwisha. Huko mbele kuna kuanguka na kuvunjika nyonga.

Bei ya nyama isikutishe. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, glasi ya maziwa 8, konzi ya karanga 7; vyote hivyo vikiliwa asubuhi ni zaidi ya gramu 20. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Ugali nao una protini kiasi, na upungufu wa protini ya mahindi huzibwa vizuri na maharage, kunde au mbaazi. Ni bora kugawa protini katika milo yote mitatu kuliko kuirundika usiku.

Kwa asiye na meno, dagaa wakavu ni mkombozi. Wachambue, uwaoshe mchanga uishe, uwaanike, kisha uwakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole. Watwange kwenye kinu na uchekeche. Vijiko viwili vya unga huo kwenye mchicha wa karanga havimsumbui hata kibogoyo. Maharage yalowekwe usiku kucha, yachemshwe mpaka yalainike, kisha yapondwe.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini kabla ya kumuona daktari, kwani huenda akatakiwa kuipunguza. Anayekonda ghafla naye apelekwe hospitali. Huenda kuna maradhi yanayomla.

Chakula peke yake hakijengi misuli iliyokaa tu. Weka kiti imara kikiegemea ukuta, mzee akae na kuinuka mara kadhaa asubuhi na jioni. Mwanzoni ashike meza. Miguu ikipata nguvu, aiache meza.