KUANDIKA HADITHI BILA KUVUNJIKA MOYO



Leo fundisho letu ni kwa wale wanaoanza kuandika hadithi za kutunga. Tunajua wako wengi hapa masomoni. Wanaficha kaye chini ya godoro juu ya kuogopa kuchekwa. Sisi wenyewe tulipita ile njia. Mwaka jana tulisoma hadithi yetu mbele ya wenzetu. Pahali pa kulia, wao wakacheka! Jioni tulibeba kaye mpaka kwa mbabula, tuitupe. Moto ulikuwa tayari. Halafu tukakumbuka Yeremia.

1. Kilichochomwa kinaandikwa tena

Someni Yeremia sura ya 36. Baruku aliandika maneno ya nabii katika kitabu cha kukunja. Mfalme Yehoyakimu alikikata kwa kisu na kukitupa motoni. Je, waliacha kazi? Hapana. Walitwaa kitabu kingine, wakaandika yote tena, wakaongeza na mengine.

Basi tulirudi na kaye yetu, tukaisoma polepole. Kumbe mama wa hadithi alikufa kwa mstari wa pili, mbele msomaji hajamjua! Nani atalilia mtu asiyemjua? Kicheko cha wenzetu kilituonyesha kosa.

2. Matunda hayaivi siku moja

V. Y. Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 pale Likasi, iliyoitwa wakati ule Jadotville. Riwaya yake ya kwanza, Entre les eaux, ilitoka 1973. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi wa mwaka 1981, aliandika mashairi na michezo mbele ya riwaya yake Tram 83, ya mwaka 2014. Ndani yake mnaona mji wa migodi, sawa ile tunayoijua sisi. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alianza kuandika kule Uingereza akiwa na miaka 21. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, na zawadi ya Nobel aliipata 2021. Hesabuni: miaka 34 katikati! Na sisi tunalia juu ya juma mbili?

3. Hadithi ziko hapa kwetu

Wengine wanasema: “Sisi wa Musumba tutaandika nini?” Ndugu, amkeni! Kila mtoto hapa amesikia wazee wakisimulia habari za Ruwej: namna baba yake alivyokosewa heshima na wana wake, akampa binti ile bangili ya ufalme, rukan, na namna yule mwindaji Cibind Irung alivyofika kutoka kwa Waluba. Mwaka 1989 mwandishi wa Angola, Pepetela, alitoa riwaya nzima juu ya Ruwej, kwa Kireno. Alifanya vizuri. Lakini sisi tunaokaa kwenye mji wa Mwant Yav, tumeandika kurasa ngapi? Wazee wanazeeka. Kila mzee tunayezika anaondoka na hadithi zake.

4. Ya kufanya

a) Andika ukurasa mmoja kila juma, hata kama ni mbaya. Ukurasa mbaya unatengenezwa. Ukurasa mweupe hautengenezwi.
b) Mpe kwanza msomaji mmoja tu. Usimwulize: “Ni nzuri?” Mwulize: “Ulichoka wapi?”
c) Keti na mzee mmoja, sikiliza, kisha andika usiku ule ule, mbele hujasahau.
d) Usichome kaye.

Na ninyi mnaocheka, tunawaomba kitu kimoja: mkimaliza kucheka, mwambieni mwenzenu pahali alipokosea. Kicheko peke yake kinafunga mlango.

Kaye yetu ingali nzima. Tumeandika ile hadithi mara nne, na sasa mama anakufa kwa ukurasa wa saba. Juma iliyopita tuliisoma tena bwenini. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliuliza: “Na watoto wake, nani atawachunga?” Tukaona kwamba kazi haijaisha. Usiku ule ule tukafungua ukurasa wa nane.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita