Biskuti za siagi zinazotandaa
Swali: Huku Minneapolis baridi imeshaanza, na Krismasi nataka kuwaokea wanangu biskuti za siagi. Kila nikioka zinatandaa trei nzima. Nakosea wapi?

Jibu: Shuku siagi kwanza: nyumba zenu hupashwa moto, nayo hulainika mno. Ibonyee kwa kidole, isitoe mafuta. Waskoti hupima sukari gramu 100, siagi 200, unga 300; ongeza chumvi kidogo. Changanya mpaka ushikane tu. Ukikanda kama wa chapati, zitakuwa ngumu. Kata, weka kwenye friji nusu saa, ili siagi ichelewe kuyeyuka na umbo liwahi kushika. Oka nyuzijoto 160 za Selsiasi, dakika 20 hivi, kingo zikianza kubadilika rangi. Zitatoka laini, ziache zipoe hapohapo kwenye trei. Margarini? Hapa siishauri, ladha yote ni siagi.