Urithi wa Aliyebuni Mpira wa Kikapu



Mtu akifa huacha urithi: huyu shamba, yule nyumba, mwingine jina jema tu. Leo yafaa tujifunze habari za urithi wa karatasi mbili. Mjukuu aliziuza, na hata hivyo hatuthubutu kumwita mpotevu.

Dr. James Naismith alizaliwa mwaka 1861 karibu na mji wa Almonte, nchini Kanada. Alifiwa na wazazi wote wawili angali mtoto, akalelewa na mjomba wake. Alipokua alisoma elimu ya dini katika chuo cha Wapresbiteri mjini Montreal. Lakini aliona ya kuwa vijana waweza kufundishwa wema uwanjani pia.

Mwaka 1891 alikuwa mwalimu katika chuo cha Y.M.C.A. mjini Springfield, Marekani. Ilikuwa majira ya baridi. Wanafunzi hawakuweza kucheza nje, na mazoezi ya ndani yaliwachosha, hata wakawa wakaidi. Mkuu wake akampa siku 14 abuni mchezo mpya. Naye akapigilia vikapu viwili vya mapichi, futi 10 kutoka chini, akatunga sheria 13.

Tazameni hekima yake. Goli aliliweka juu ya vichwa vya watu, ili mpira urushwe kwa ustadi, wala nguvu za mabavu zisifae kitu. Akakataza kukimbia na mpira mkononi. Akakataza kumsukuma mwenzako, kumshika, kumkwatua au kumpiga. Mwenye kukosa mara ya pili alitolewa mpaka goli lijalo. Na ilipoonekana alikusudia kuumiza, alitolewa mchezo mzima, wala hakupata wa kushika mahali pake.

Naismith alifariki mwaka 1939, na karatasi za sheria zikabaki kwa jamaa zake. Mjukuu wake, Ian Naismith, aliongoza shirika la hisani liitwalo Naismith International Basketball Foundation, ambalo shabaha yake ilikuwa kueneza uungwana michezoni. Mwezi wa Desemba 2010 karatasi zile ziliuzwa mnadani mjini New York kwa dola zaidi ya milioni 4, ili fedha zisaidie kazi ya shirika hilo. Baadaye ziliwekwa katika Chuo Kikuu cha Kansas, alikofundisha Naismith miaka mingi.

Pengine mzee mmoja atauliza: Je, ni heshima kuuza maandiko ya babu? Swali hilo ni la haki. Lakini karatasi iliyofungiwa sandukuni haimzuii kijana hata mmoja asimpige mwenzake. Mjukuu alitoa karatasi ili lile lililoandikwa juu yake lipate kutendwa.

Walakini fedha zina mpaka. Shirika haliwezi kusimama kando ya kila uwanja. Wanaosimama pale ni ninyi wazazi. Baba akipaza sauti, “Mwangushe huyo!”, mtoto atamsikia baba kuliko mwamuzi.

Basi, jioni moja zungumzeni nyumbani maswali haya:

1. Mtoto arudipo kutoka mchezoni, twamwuliza kwanza, “Mmeshinda?” au “Mmechezaje?”

2. Akikiri kwamba alimwumiza mwenzake kusudi, twamcheka, twamsifu, au twamtuma akaombe radhi?

3. Mababu zetu walituachia mafundisho gani, ambayo twayasifu kwa maneno tu?