Kupanda Mlima Kigali kwa Baiskeli

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika hapa Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Wao walipita njia za lami na mawe. Mimi nitaeleza zile za changarawe.

Bonde la mto Nyabarongo liko kiasi cha mita 1,350 juu ya bahari, na kilele cha Mlima Kigali mita 1,850. Anayetoka mtoni hupanda mita 500. Kupanda hutaka pumzi. Kushuka hutaka akili. Punguza mwendo kabla ya kona, maana gurudumu lililokazwa breki huteleza juu ya kokoto. Keti nyuma, breki ya mbele ibane polepole.

Njiani mna watoto na wachukuzi wa mizigo. Usiposimama, ataumia mwingine.