Usiridhike na FLARM Kuwaka, Hakikisha Inasikika

Glaida mbili zikija uso kwa uso, kila moja kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, kilomita moja iliyo kati yao huisha kwa sekunde 12. Na glaida ikitazamwa kwa mbele ni ufito mweupe tu, nyuma yake theluji au wingu. Mimi huruka Milima ya Alpi, na siondoki ardhini bila FLARM, kifaa kinachoonya ndege zinapokaribia kugongana.

Kifaa hiki kilitokea Uswisi mwaka 2004. Hujua kilipo kwa GPS, kisha kila sekunde hutangaza kwa redio ulipo na unakoelekea. Ninachokipendea zaidi ni kwamba kinaelewa mizunguko. Tukiwa glaida tano ndani ya hewa moto ileile inayopanda, hakilii ovyo. Hulia njia zinapoelekea kukutana.

Antena ndiyo huwaangusha wengi. Mwili wa glaida ukiwa wa nyuzi za kaboni, mawimbi hayapenyi. Nimekuta antena imelazwa chini ya dashibodi, imebanwa kati ya nyaya na dira, taa ya kifaa inawaka kijani, kumbe anayetokea nyuma hapati kitu. Isimamishe wima, mbali na chuma, nyaya na antena nyingine. Kisha pima: baada ya safari chache, pakia faili zako za IGC, yaani rekodi za safari, kwenye tovuti ya FLARM. Utapata mchoro wa umbali uliowapokea wenzako, upande kwa upande. Ukiona pengo, hamisha antena au ongeza ya pili, upime tena. Hii naifanya kila msimu unapoanza, pamoja na kusasisha programu.

Ndege kubwa hazisikii FLARM. Mfumo wao wa kuzuia kugongana, TCAS, huiuliza transponda, redio inayojibu maswali ya aina hiyo, na kungoja jibu, kwa hiyo kama unayo, iwashe kabla ya kuruka. Wakubwa na wadogo kuchangia anga si jambo la Ulaya pekee: tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya abiria na Cessna 172 ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na wawili waliokuwa kwenye Cessna wakafariki. FLARM nyingi za sasa hupokea pia ADS-B, matangazo ya ndege kuhusu mahali zilipo. Ila kwa ndege yenye transponda bila ADS-B, kifaa kitakuonyesha umbali wa kukadiria, si upande; hapo kagua anga lote.

Kengele ikilia, usikodolee skrini. Soma upande, juu au chini, kisha inua macho. Ndege inayohama kwenye kioo itapita. Iliyoganda mahali pamoja huku ikikua ndiyo inayokujia. Mkiwa uso kwa uso, wote kateni kulia. Kandokando ya mlima, mwenye mlima kushoto kwake ndiye apishe.

Maputo na parachuti nyingi za milimani hazina kifaa chochote. Kwa hiyo hata FLARM ikinyamaza, endelea kutazama nje.