Kawia, Mdogo Wangu, Lakini Ufike

Mdogo wangu, nimesikia unawashia jiko kwa kurasa za daftari la baiolojia. Usianze kujitetea, wala usihangaike kumtafuta aliyeniambia. Sikuja kukugombeza sana, kidogo tu. Keti hapo karibu na moto, jitande hilo blanketi, baridi ya Juni hii haijui mtoto wa nani, tuongee.

Najua ulikotoka kwa sababu nami nimetoka huko huko. Uliacha shule kidato cha pili. Akaja mama mmoja na kitenge kizuri, akasema kuna familia Dar es Salaam inatafuta binti mtulivu, nyumbani wakatazamana, kesho yake ukapanda basi. Wasichana wa Iringa tumesifiwa miaka mingi kuwa wachapakazi wa kazi za ndani. Sifa hiyo, ukiitazama vizuri, imewatoa wengi wetu kwenye madawati. Umelea watoto wa watu, umewasindikiza kwenye gari la shule kila asubuhi, umebaki unafuta meza waliyofanyia hesabu. Umerudi kwetu Kalenga na begi na mtoto wako mwenyewe mgongoni, na bado moyoni unataka kuwa muuguzi. Ukaanza kusoma kwa ajili ya QT, ule mtihani wa kufuzu kufanya kidato cha nne. Sasa miezi saba imepita, na daftari limekuwa kiberiti.

Nikuulize, lakini nijibu kweli: ni nini hasa kilichokuchosha? Usiniambie ni ugumu wa masomo. Ni magumu, ndiyo. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, kisha tukatupwa kwenye Kiingereza cha sekondari kama mtu anayesukumwa mtoni na viatu vyake. Lakini sijawahi kukuona ukilia kwa ajili ya hesabu. Nilikuona ukilia siku ile yule uliyekaa naye dawati moja alipopita na pikipiki yake, sasa ni mwalimu, akakukuta umekaa kwenye ngazi unakariri sehemu za ua. Hakusema kitu kibaya. Alisema tu, "Ee, bado unasoma?" Neno "bado" lile ndilo lililokuchoma.

Ndiyo maana nasema ni aibu iliyokuchosha, na aibu yenyewe ni ya kuchelewa. Mtu anaweza kubeba kazi nzito miaka kumi asitetereke, halafu aangushwe na jicho la jirani. Mimi QT ya kwanza nilifeli. Unajua nilifanya nini? Niliwaambia majirani matokeo yamechelewa kutoka. Matokeo yangu, mdogo wangu, yalichelewa miezi minne! Kila nikikutana na mtu gulioni ananiuliza, nami najibu, "Bado hawajatoa." Siku niliyosema ukweli nilisikia wepesi kama niliyetua ndoo ya maji kichwani, nikajiandikisha upya.

Tena kuchelewa si jambo geni kwetu. Wewe ni mtoto wa Kalenga. Ulipelekwa makumbusho na walimu, mkasukumana mbele ya kile kioo chenye fuvu la Mkwawa, mtwa wa Wahehe, mkacheka, mkatoka kwenda kununua barafu. Hebu lirudie leo kichwani. Boma la Kalenga lilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, miaka mitatu tu baada ya Wahehe kuwashinda Wajerumani kule Lugalo. Mkwawa akaponyoka, akapigana porini karibu miaka minne, mpaka Julai 1898, kule Mlambalasi, alipojipiga risasi asikamatwe. Kichwa kikakatwa, kikasafirishwa Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, wakubwa wa dunia wakaandika mkataba wa Versailles mwaka 1919, na katika kifungu cha 246 wakatia neno la kwetu: Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita, imeandikwa, imetiwa saini!

Fuvu lilirudi tarehe 19 Juni 1954. Gavana Twining alikwenda mwenyewe kulitafuta katika makumbusho ya Bremen, katikati ya mafuvu mengi, ndipo likaja kukabidhiwa hapa hapa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Hesabu: miaka 56 tangu Mlambalasi. Waliokuwa watoto wa kubebwa mwaka ule walikuwa sasa wazee wa mkongojo. Haya niambie, kuna mzee aliyesimama siku hiyo akasema, "Limechelewa mno, lirudisheni"?

Sijasema usubiri miaka 56, usinicheke. Nasema kitu chako kikichelewa hakiachi kuwa chako.

Kuna methali moja siipendi sana wanavyoitumia watu: mvumilivu hula mbivu. Wanaisema kana kwamba uvumilivu ni kukaa chini ya mti umefungua mdomo. Hapana. Mahindi ya bondeni hayavumiliwi, yanapaliliwa. Uvumilivu wako uwe na jembe. Mimi napenda ile ya bandu bandu huisha gogo, kwa sababu inakuonyesha mtu ana shoka mkononi.

Basi tushike shoka. Kwanza, usiamue jambo la maisha saa nne za usiku. Saa hizo mtoto amelia, mgongo unauma, taa inafifia, na kila ndoto inaonekana upuuzi. Ukitaka kuacha, acha asubuhi, baada ya chai. Utashangaa ni mara ngapi asubuhi inakataa kusaini uamuzi wa usiku. Pili, punguza watu wa kuwasimulia. Wewe unamwambia kila mtu mpaka dereva wa bodaboda kwamba unakwenda uuguzi, halafu unashangaa kila mtu anakudai majibu. Mwambie mmoja anayekuamini na mmoja anayejua kufundisha. Wengine watakuona na sare.

Njia nayo ipo, tena imepanuka kuliko zamani. Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatishwa shule kwa ujauzito wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Wewe uliacha siku nyingi, umeshika njia ya watu wazima, nayo si njia ya uchochoroni: ni mtihani wa taifa kama mingine. Ukifaulu QT unajiandikisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imeanzishwa kwa sheria tangu mwaka 1975, kwa ajili ya watu kama mimi na wewe, kwa hiyo usifikiri wewe ni wa kwanza kukaa na kalamu huku matiti yanavuja maziwa. Na uuguzi hawakupokei bila baiolojia na kemia. Sasa unaona kwa nini lile daftari lilinitia uchungu?

Haya, na je, kama kweli ndoto imekwisha? Inatokea. Sitaki nikufunge kamba. Rafiki yangu mmoja aliacha masomo ya ualimu akashika cherehani, na leo ukimtazama anavyokata shingo ya gauni unajua yuko nyumbani kwake. Kuacha kwake kulikuwa kuhama. Kipimo changu ni hiki: ukipita zahanati ukamwona muuguzi anamfunga mtoto kidonda, unahisi nini? Ukihisi amani ukaendelea na safari zako, nenda ukashone, nitakuwa mteja wa kwanza. Lakini wewe nilikuona mwezi uliopita tulipompeleka mama kupima presha. Ulisimama mlangoni ukatazama mikono ya yule dada wa sindano mpaka nikakuita mara mbili.

Na jambo moja nakwambia kwa sauti ya chini. Kuna usiku mtu hachoki na masomo tu, anachoka na kuishi. Ukifika huko usinyamaze ukijifanya jasiri. Niamshe hata saa nane. Mwamshe mama, nenda kituo cha afya ukaseme kama unavyosema homa. Mkwawa tunamheshimu kwa miaka ile ya kukataa kutawaliwa, lakini mwisho wake usiuige. Mimi nataka nikuone asubuhi unateremka mto Ruaha na ndoo, hata kama umenuna.

Najua mama mkwe wako anasema mwanamke mwenye mtoto anasomea nini. Usibishane naye. Osha vyombo, mpe chai yake, kisha fungua kitabu mbele yake bila kuomba ruhusa na bila kiburi. Wa kwangu alisema hayo hayo, na mwaka wa pili nilimsikia anamwambia mgeni, "Punguzeni sauti, huyu anasoma." Hakuniomba radhi, nami sikumdai.

Haya, moto unazimika na wewe unapiga miayo. Kurasa zilizobaki niletee Jumamosi nizishone upya kwa uzi, tufunike kwa gazeti. Sura ya mmeng'enyo wa chakula najua umeshaichoma. Ninayo kwenye daftari langu la zamani, mwandiko mbaya ila unasomeka. Na kesho jiko liwashe kwa magunzi. Yako tele nyuma ya ghala.