Kamera ya Joto na Sumu ya Nyoka

Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel aliipitisha nuru ya jua katika mche wa kioo, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Kipimajoto kilipanda. Mionzi ile, iitwayo infraredi, hutolewa na kila kitu chenye joto. Ngozi ya binadamu yenye nyuzi 33 za Selisiasi hutoa kwa wingi zaidi mionzi yenye urefu wa wimbi wa karibu maikromita 9.5. Kioo cha kawaida huizuia. Ndiyo maana lenzi za kamera ya joto hutengenezwa kwa jemaniamu.

Je, kamera hiyo yamfaa vipi mtu aliyeumwa na nyoka? Tuchukue mfano wa kifutu. Sumu yake huharibu nyama palepale ilipoingia. Mwili hujibu kwa kupanua mishipa midogo ya damu, na ngozi ya mahali hapo hupata joto kuliko ya mguu wa pili. Picha ya miguu yote miwili huonyesha tofauti hiyo. Ikirudiwa baada ya saa chache huonyesha kama eneo linatanuka. Doa la baridi katikati ya joto laweza kuashiria nyama isiyofikiwa na damu, iliyo hatarini kufa. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye manufaa makubwa zaidi.

Lakini kamera haioni sumu. Huona joto la ngozi tu. Sumu ya koboko hukata mawasiliano ya neva na misuli, hata misuli ya kupumulia, na mara nyingi uvimbe huwa mdogo au haupo kabisa. Picha yaweza kuwa shwari ilhali kope za mgonjwa zimeanza kulegea. Tabibu atakayemrudisha nyumbani kwa kuitegemea picha hiyo huenda akawa amemwua. Barafu, jua la njiani, na kamba iliyofungwa mguuni (desturi mbaya hiyo) navyo huipotosha picha.

Shule isiyo na kamera yaweza kuichunguza kanuni yenyewe. Mwanafunzi atumbukize mkono mmoja katika maji baridi kwa dakika mbili, aufute, kisha joto la ngozi ya mikono yote miwili lipimwe kila dakika na kuchorewa grafu. Joto linalorudi huletwa kwa sehemu kubwa na damu.